Je, Wajua? Kanuni, Leseni na Miswada Kiganjani

Je, wajua kuwa kuna Mountain View mbili zenye mkono katika sheria za Kenya? Moja ni mtaa wetu huu kando ya Waiyaki Way, jirani na Kangemi, ambao jina lake limechukuliwa na mojawapo ya wadi tano za eneobunge la Westlands. Nyingine iko California, na ndiko makao makuu ya Google, kampuni iliyopiga picha maelfu ya kurasa za Gazeti Rasmi la Serikali ya Kenya na kuziweka mtandaoni bila malipo, kwa ushirikiano na Baraza la Taifa la Kuripoti Sheria, ambalo wengi wanalijua kama Kenya Law. Leo anayesaka ilani ya mirathi ya babu yake huandika jina na kubonyeza. Zamani alihitaji nauli ya kwenda mjini, siku nzima, na karani mwenye moyo mzuri.

Je, wajua kuwa Gazeti hilo lilizaliwa Mombasa? Toleo la kwanza lilitoka Novemba 1899, likihudumia himaya mbili za Waingereza, ya Afrika Mashariki na ya Uganda. Hadi sasa hutoka kila Ijumaa, na matoleo maalum hutoka siku yoyote serikali ikiwa na haraka. Wanaofuatilia siasa za Kenya wanajua kuwa habari kubwa mara nyingi iko kwenye toleo maalum.

Je, wajua kuwa sahihi ya Rais peke yake haiifanyi sheria ianze kazi? Ibara ya 116 ya Katiba inataka sheria ichapishwe kwenye Gazeti ndani ya siku 7 baada ya kutiwa sahihi, kisha ianze kutumika siku ya 14 baada ya kuchapishwa, isipokuwa sheria yenyewe iwe imetaja siku nyingine. Sheria za fedha hutaja siku nyingine karibu kila mara, na mara nyingi huwa ni Julai 1.

Je, wajua kuwa mtindo ambao leo mabunge kadhaa ya dunia hutumia kuandika sheria kwa kompyuta ulianzia kwenye mradi uliokuwa Nairobi? Hapa nitakaa kidogo, maana hadithi hii haisimuliwi inavyostahili.

Mapema miaka ya 2000, idara ya Umoja wa Mataifa ya masuala ya uchumi na jamii iliendesha mradi wa kuyasaidia mabunge ya Afrika kutunza kumbukumbu zake, na ofisi yake ilikuwa hapa Nairobi. Mradi ulizaa vitu viwili. Cha kwanza ni programu ya kuendeshea shughuli za bunge, kuanzia hoja na miswada hadi kumbukumbu za vikao, ambayo ilipewa jina la Kiswahili: Bungeni. Cha pili ni Akoma Ntoso, utaratibu wa kuziwekea alama hati za sheria ili kompyuta itambue kipi ni kifungu, kipi ni kifungu kidogo, nani alikibadilisha na lini. Waliousanifu ni maprofesa wawili wa Chuo Kikuu cha Bologna, Italia, Monica Palmirani na Fabio Vitali. Mwaka 2018 shirika la viwango la OASIS liliuidhinisha kuwa kiwango cha kimataifa. Tovuti ya sheria za Uingereza hutoa sheria zake kwa mtindo huo, Bunge la Ulaya limeutumia katika kuandaa marekebisho ya miswada, na Umoja wa Mataifa wenyewe una toleo lake kwa ajili ya nyaraka zake.

Ukitaka kuuona kwa macho yako, fungua sheria yoyote kwenye tovuti mpya ya Kenya Law, kisha tazama anwani iliyo juu ya kioo cha simu. Sheria ya Makampuni utaiona kama akn/ke/act/2015/17. Herufi tatu za mwanzo ni kifupi cha Akoma Ntoso, ke ni Kenya, halafu aina ya hati, mwaka, na namba ya sheria katika mwaka huo. Baada ya hapo hufuata lugha na tarehe, na tarehe ndiyo yenye uhondo. Inakuonyesha sheria ilivyosomeka siku hiyo, kabla haijaguswa na marekebisho yaliyokuja baadaye. Wakili anayetetea kesi ya mkataba wa miaka kadhaa iliyopita anahitaji maneno yaliyokuwa yakitumika wakati ule. Zamani alikata karatasi za marekebisho na kuzibandika juu ya kitabu cha zamani kwa gundi.

Je, wajua kuwa TanzLII ya Tanzania na ULII ya Uganda ni jamaa wa karibu wa tovuti hiyo? Mwanafunzi wa sheria wa Kampala, wa Dodoma na wa Parklands hupitia kurasa zinazofanana, na wote hawalipi hata senti.

Je, wajua kuwa kuna wakati serikali ya Kenya haikujua ina leseni ngapi? Ilipoamua kuzihesabu, kati ya 2005 na 2007, hesabu ilifika leseni na ada 1,325. Kamati iliyopewa kazi hiyo ilikuja na kanuni moja kali: kila ofisi ithibitishe kwamba leseni yake ina msingi wa sheria, inahitajika, na haimkomoi mfanyabiashara. Ikishindwa, leseni iende. Mzigo wa kujieleza ukamhama muuza duka ukamwangukia afisa, na hapo ndipo mambo yalipobadilika. Leseni 315 zilifutwa, 379 zikarahisishwa, 294 zikabaki zilivyo, na zilizosalia zikaachwa zikisubiri uamuzi. Orodha ya mtandaoni ya leseni ilikuja baada ya kufyeka, si kabla.

Nasisitiza mpangilio huo kwa sababu tangu wakati ule tumekuwa tukienda kinyumenyume. Tunachukua fomu ya kurasa nane, tunaiweka kwenye tovuti, tunaiita mageuzi. Foleni iliyohamia kwenye simu bado ni foleni, tena hii ya sasa inakula bando.

Je, wajua kuwa Kenya imeunganisha vibali vya biashara zaidi ya mara moja? Mwaka 1999 serikali za mitaa zilileta kibali kimoja cha biashara ili muuza duka asizunguke ofisi baada ya ofisi. Miaka ikapita, vibali vikazaana upya: cha moto, cha afya, cha chakula, cha bango la nje. Mnamo 2023 Kaunti ya Nairobi ikaanza kutoza kibali cha pamoja, kinacholipiwa mtandaoni, chenye vyote hivyo ndani yake. Sitashangaa tukikutana hapa tena.

Je, wajua kuwa City Hall ilianza kupokea michoro ya ujenzi kwa mtandao tangu 2011? Wasanifu majengo waliobeba mabomba ya karatasi begani hadi ghorofani wanaikumbuka siku hiyo vizuri kuliko siku zao za harusi.

Je, wajua kuwa muhuri wa kampuni, ule wa chuma unaobonyeza karatasi, uliondolewa ulazima wake na sheria moja iliyotiwa sahihi Machi 2020? Sheria hiyohiyo ya kurekebisha sheria za biashara ilifungua mlango kwa sahihi ya kielektroniki kwenye hati kadhaa. Haraka yake ilikuwa na sababu: Kenya ilikuwa imetoka nafasi ya 129 hadi ya 56 kwenye orodha ya Benki ya Dunia ya wepesi wa kufanya biashara na ilitaka kupanda zaidi. Mwaka uliofuata Benki ya Dunia ikaifuta orodha yenyewe, baada ya kubainika kuwa takwimu za baadhi ya nchi zilichezewa. Muhuri haukurudi.

Je, wajua kuwa kanuni anayotunga waziri ina tarehe ya kufa? Sheria ya 2013 inayosimamia kanuni za aina hiyo inasema kanuni hufutika yenyewe ikifikisha miaka 10, na ikiongezewa muda haupiti miezi 12. Isipowasilishwa Bungeni ndani ya siku 7 za vikao baada ya kuchapishwa, inakufa mapema zaidi. Na kama itawagharimu wananchi pakubwa, wizara inatakiwa kwanza iandae taarifa ya athari zake: nani atalipa, atalipa nini, na kama kuna njia nyingine ya kufikia lengo lilelile. Hii ndiyo sehemu ya sheria ambayo ningependa kila mwenye kinyozi, duka la dawa au bodaboda aijue, na ndiyo isiyotajwa kabisa redioni. Kompyuta ya kawaida yenye kalenda inaweza kuonyesha kanuni zipi zinafikisha miaka 10 mwaka huu. Haihitaji akili mnemba.

Je, wajua kuwa Huduma Centre ya kwanza ilifunguliwa Novemba 2013 katika jengo la Posta Kuu, Nairobi, na eCitizen ikafuata 2014? Kufikia Juni 2023 Rais alizindua awamu iliyotajwa kuwa na huduma zaidi ya 5,000 za serikali kwenye jukwaa hilo. Mwezi mmoja tu baadaye, Julai 27, washambuliaji wa mtandaoni waliojiita Anonymous Sudan waliliangusha. Ofisi moja ya karatasi ikifungwa, hukosekana huduma moja. Mlango mmoja wa kidijitali ukipigwa, hukosekana zote kwa pamoja.

Je, wajua kuwa hata chombo cha kidijitali chenyewe kinahitaji kibali cha sheria? Wizara ya Elimu iliagiza karo ya shule za taifa ilipwe kupitia eCitizen. Aprili 2025 Mahakama Kuu ikasema agizo hilo ni kinyume cha Katiba, mojawapo ya sababu ikiwa umma haukushirikishwa.

Je, wajua nani hasa huendesha serikali ya kidijitali huku kwetu? Ni mwenye saiba. Pita Kangemi wiki ya mwisho ya Juni uone. Kibandiko cha dirishani kinaorodhesha KRA, NTSA, HELB, pasipoti, cheti cha maadili mema. Ndani kuna kompyuta nne, benchi moja, na mstari wa watu wenye vitambulisho mkononi, wengi wao wakiwasilisha ritani za sifuri kwa sababu hawana mapato ya kutangaza. Wakikosa tarehe 30, faini ni shilingi 2,000. Kijana wa kaunta anauliza namba ya PIN, kisha nywila. Mteja anakuna kichwa. Kijana anavuta daftari la mistari chini ya meza, anafungua ukurasa wa mwaka jana, anaisoma mwenyewe. Sheria ya Ulinzi wa Data ni ya 2019 na inalinda taarifa za watu dhidi ya mikono ya wengine, lakini daftari lile lina nywila za mtaa mzima. Simlaumu kijana. Mfumo unaomtaka mtu asiye na kipato aingie mtandaoni kila mwaka kusema hana kipato ndio uliomwajiri.

Je, wajua kuwa sheria ya kodi ni hesabu inayoweza kuandikwa kama programu? Chukua viwango vya kodi ya mshahara vilivyowekwa na Sheria ya Fedha ya 2023. Shilingi 24,000 za kwanza kwa mwezi hutozwa asilimia 10, yaani 2,400. Msamaha wa mlipa kodi nao ni 2,400. Kwa hivyo mwenye mapato ya 24,000 yanayotozwa kodi hudaiwa sifuri, japo sheria inasema anatozwa asilimia 10. Mwenye 30,000 huongezewa asilimia 25 ya zile 6,000 za juu, na hivyo hulipa 1,500. Mbunge angeweza kupewa kijedwali kama hiki kando ya kila kifungu cha mswada, akabadilisha namba moja na kuona papo hapo mshahara wa mwalimu unavyopungua. Ufaransa wana programu huria ya kazi hiyo, OpenFisca, iliyoanza 2011. Na mapema zaidi, 1986, watafiti wa Imperial College, London, walichapisha Sheria ya Uraia ya Uingereza ikiwa imegeuzwa kuwa programu ya kompyuta inayojibu nani ni raia.

Je, wajua kuwa tovuti ya Bunge la Kenya iliwahi kuzimwa baada ya baadhi ya wabunge kulalamika kwamba wasifu wao umeanikwa? Hilo lilikuwa katikati ya miaka ya 2000. Vijana wawili, Ory Okolloh na Conrad Akunga, wakajibu kwa kuanzisha Mzalendo, tovuti ya kufuatilia nani alisema nini Bungeni na nani hakusema chochote. Mzalendo ingali hai, na ilianzisha pia Dokeza, ambapo msomaji hufungua mswada na kuacha maoni yake chini ya kifungu chenyewe badala ya kuandika barua ndefu inayolalamikia kila kitu.

Je, wajua kuwa mswada wa fedha wa 2024 huenda ndio uliosomwa na watu wengi zaidi katika historia ya Kenya? Hayo ni makisio yangu, lakini nani atabisha? Vijana waliufasiri kwa lugha za mama kwenye TikTok, wakaujadili usiku kucha kwenye X, na mtaalamu mmoja wa programu akatengeneza roboti ya maswali na majibu: unaiuliza mkate utapanda bei au la, inakujibu kwa kutaja kifungu. Juni 25 wabunge 195 waliupitisha, 106 wakaupinga, na siku hiyohiyo damu ikamwagika nje ya Bunge. Kesho yake Rais akatangaza kwamba hatautia sahihi.

Je, wajua kuwa mwaka uliofuata mtaalamu mwingine wa programu alitengeneza ukurasa wa kumwezesha mwananchi kutuma pingamizi dhidi ya mswada wa fedha wa 2025 kwa barua pepe, kwa kubonyeza mara chache? Alikamatwa mwishoni mwa Mei na kushtakiwa chini ya sheria ya 2018 ya makosa ya kompyuta. Kabla Juni haijaisha, mahakama iliyatupa mashtaka kwa kuwa hayakuonyesha kosa lolote. Bunge hutangaza kwamba linapokea maoni kwa barua pepe. Yeye alirahisisha upande wa mtumaji tu.

Je, wajua kuwa mahakama zimeshasema ushirikishaji wa umma usiwe wa kupaka rangi? Mwaka 2019, katika kesi ya kampuni ya sigara ya BAT kuhusu kanuni za tumbaku, Mahakama ya Juu ilitoa vigezo: jambo lielezwe kwa lugha inayoeleweka, njia ya kutoa maoni iwe wazi na nyepesi, na anayetoa maoni apewe nafasi halisi ya kusikika. Lakini Oktoba 2024, mahakama hiyohiyo ilipoirudisha Sheria ya Fedha ya 2023 iliyokuwa imefutwa na Mahakama ya Rufaa, ilisema Bunge halina wajibu ulioandikwa wa kutoa sababu za kukataa maoni ya mwananchi. Kwa hivyo unaweza kutuma waraka wako na kusubiri kimya. Hapo ndipo teknolojia ingesaidia zaidi kuliko popote: namba ya kupokelewa, kamati iliyousoma, kifungu kilichoguswa. Mpesa hukutumia ujumbe ukinunua mandazi ya shilingi 20.

Je, wajua kuwa orodha ikianikwa mtandaoni husema mengi? Januari 2021 tume ya uchaguzi iliweka wazi majina ya watu zaidi ya milioni 1.1 waliodaiwa kuunga mkono BBI, mpango wa kubadilisha Katiba. Wakenya wakajitafuta, na baadhi yao wakajikuta mle bila kukumbuka kuweka sahihi popote.

Je, wajua kuwa sheria ya serikali za kaunti ya 2012, kifungu cha 91, inaorodhesha njia za wananchi kushiriki, na ya kwanza kabisa kwenye orodha ni majukwaa ya teknolojia ya mawasiliano? Mikutano ya ukumbini inakuja ya pili, mbao za matangazo zinafuata chini. Huku Mountain View, tangazo la kikao cha bajeti ya kaunti hutufikia zaidi kwenye kundi la WhatsApp la mtaa, kati ya picha ya paka aliyepotea na malalamiko ya maji.

Je, wajua kuwa Jomo Kenyatta aliamuru Julai 1974 kwamba Bunge lizungumze Kiswahili? Wabunge walijadili kwa Kiswahili miswada iliyochapwa kwa Kiingereza, hadi 1979 lugha zote mbili ziliporuhusiwa. Hali ya miswada bado ndiyo ile. Tanzania ilibadilisha sheria yake mnamo 2021 na kukifanya Kiswahili lugha ya sheria na ya mahakama, na kazi ya kutafsiri vitabu vya sheria ikaanza.

Na hii je, uliijua? Ibara ya 119 inampa kila mtu haki ya kupeleka ombi Bungeni ili sheria itungwe, irekebishwe au ifutwe. Kanuni za Bunge la Taifa zinaruhusu ombi liandikwe kwa mkono au lichapwe, kwa Kiswahili au Kiingereza, na asiyeweza kutia sahihi aweke alama ya kidole gumba. Kamati ikilipokea ina muda maalum wa kumjibu mwenye ombi.